KIBAO CHA TAA KIPIMWE NDANI YA UKUNGU

Miaka michache iliyopita halmashauri moja ya Nyanda za Juu za Kusini ilinialika niwe mjumbe wa kamati ya kupokea kibao cha taa. Kibao chenyewe kilikuwa kimesimikwa mwishoni mwa mteremko wa barabara kuu, pale ambapo barabara inakata kona na ambapo malori kadhaa yalikuwa yamekwisha kuanguka. Kazi yake ilikuwa kuwaonya madereva wapunguze mwendo. Kilikuwa bao jeupe kubwa liwakalo kwa ndani, na juu yake mlikuwa na maneno saba mekundu.

Tulikipokea saa nne asubuhi, jua likiwaka na mbingu ikiwa nyeupe. Aliyekiuza alijivunia ukali wa taa zake kuliko jambo jingine lolote. Tulirudi nyuma kwa miguu hadi mwanzo wa mteremko, tukakisoma bila shida, tukatia sahihi. Nami nilitia sahihi yangu pamoja na wenzangu, ingawa nilikuwa nimekaa ng'ambo miaka minne nikisomea mwenendo wa mwanga hadi kupata shahada ya uzamivu. Sikuuliza swali hata moja.

Mwezi wa Julai uliofuata nilipita mahali pale alfajiri katika gari la chuo. Ukungu ulikuwa mzito. Mbele yetu palitokea wingu jeupe lenye kung'aa. Dereva wetu, mtu mzima aliyezoea njia ile, alidhani ni lori linalotujia limewasha taa zote. Alilikwepa kwa kuvuta usukani kushoto, na gurudumu la mbele likatumbukia mtaroni. Hatukuumia. Tulipokwisha kushuka na kusogea karibu, ndipo tulipotambua kwamba ni kile kibao. Dereva alikitazama kwa muda, akaniuliza: "Kumbe kuna maandishi, Mwalimu?"

Swali lile ndilo lililonifanya niandike makala haya. Maoni yangu ni haya: nchini mwetu tunavipokea vibao vya taa katika hali ambayo havihitajiki, kisha tunavitegemea katika hali ambayo hatukuvipima. Tena tunadhani kwamba kibao kisiposomeka dawa yake ni kukiongezea taa. Fizikia, hata ile ya kidato cha tatu na cha nne, inatuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba kosa hili linaweza kugharimu maisha ya watu.

Mwanga unavyopotea

Ukungu ni wingu lililotua ardhini. Wataalamu wa hali ya hewa hutumia jina hilo pale umbali wa kuona unapokuwa chini ya mita 1,000. Ndani yake mna vitone vya maji vidogo mno, aghalabu vyenye kipenyo cha kiasi cha sehemu moja kwa elfu ya sentimita, zaidi au pungufu. Vitone hivyo haviumezi mwanga ila kidogo sana. Kazi yao kubwa ni kuutawanya, yaani kuutoa katika njia yake na kuupeleka pande nyingine.

Mwaka 1876 mhandisi Mfaransa Émile Allard, aliyeshughulika na minara ya taa ya kuongozea meli, alieleza kanuni ambayo tungali tunaitumia. Nuru ya taa hupungua kwa sababu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kutandaa: umbali ukiongezeka mara mbili, nuru inayofika machoni hupungua mara nne. Ya pili ni hewa yenyewe. Kila mita ya ukungu huondoa sehemu ileile ya nuru iliyobaki, kama mtoza ushuru anayedai sehemu moja kwa ishirini ya mzigo kwenye kila kizuizi.

Tuchukue mfano wa ukungu ambao umbali wake wa kuona ni mita 100. Kwa kipimo cha wataalamu, maana yake ni kwamba baada ya mita 100 nuru inayobaki katika njia yake ni sehemu 5 tu kwa 100. Baada ya mita 200 hubaki sehemu 5 kwa 100 za hizo 5, yaani robo ya sehemu moja kwa 100. Tukijumlisha na kule kutandaa, taa iliyo umbali wa mita 200 hufika machoni ikiwa dhaifu mara 80 kuliko taa hiyohiyo ikiwa umbali wa mita 100. Katika hewa safi ingekuwa dhaifu mara 4 tu.

Sasa tuulize swali la yule muuzaji. Tuseme usiku, katika ukungu huo, dereva anaanza kuiona taa fulani kwa shida akiwa umbali wa mita 100. Tukiongeza nguvu ya taa hiyo mara mbili, ataanza kuiona akiwa umbali gani? Hesabu inatoa jibu la mita 114 hivi. Tukiiongeza mara kumi, ataiona kwa mita 150 hivi. Katika hewa safi ongezeko hilo la mara kumi lingeusogeza mwanzo wa kuonekana kutoka mita 100 hadi mita 316. Kwa hiyo ukungu hula karibu faida yote tuliyoinunua. Tunalipa gharama ya umeme mara kumi ili tupate mita 50.

Kuona taa si kusoma maandishi

Hata hizo mita 50 ni za kuiona taa tu. Kusoma ni jambo jingine. Ili jicho lisome herufi, ni lazima litenganishe mistari ya herufi na nafasi zilizo kati yake. Mtu mwenye macho mazima hutambua herufi ambayo urefu wake ni kiasi cha dakika tano za nyuzi. Kwa umbali wa mita 100 hiyo ni herufi ya sentimita 15, nayo ni kikomo cha mtu aliyetulia, akitazama katika hewa safi. Dereva aliye katika mwendo anahitaji zaidi.

Lakini ukubwa hautoshi. Lazima pia iwepo tofauti ya mwangaza kati ya herufi na mahali ilipoandikwa. Mwaka 1924 Mjerumani Harald Koschmieder alieleza jinsi hewa inavyoifuta tofauti hiyo: nuru iliyotawanywa hutanda kama pazia jembamba mbele ya kila kitu, na pazia hilo hulifanya jeusi lionekane la kijivu. Tofauti ikishuka chini ya kiasi cha sehemu 2 kwa 100, jicho haliitambui tena, na kitu huwa kama hakipo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Mchana, pazia hilo hutokana na nuru ya mbinguni. Kibao chenye taa kali husaidika, kwa kuwa taa zake zinashindana na nuru isiyo yake. Usiku hakuna nuru ya mbinguni. Pazia hutokana na taa za magari, na zaidi sana hutokana na kibao chenyewe: nuru ya sehemu zinazowaka hutawanywa na vitone na kumwagika juu ya sehemu zisizowaka. Ukiongeza taa mara mbili, herufi huongezeka nuru mara mbili, na pazia nalo huongezeka mara mbili. Tofauti hubaki palepale. Herufi E huonekana kama B, tarakimu 3 huonekana kama 8, na macho ya dereva, yaliyokuwa yamezoea giza, huumizwa bure.

Kwa sababu hiyo kibao chetu kilikuwa na makosa mawili tangu siku kilipochorwa. Sehemu yake kubwa ilikuwa nyeupe na yenye kuwaka, na maneno ndiyo yaliyokuwa na giza kiasi. Nuru ya bao zima ilimwagika juu ya maneno machache na kuyameza. Laiti bao lingekuwa jeusi na herufi chache ndizo ziwake, nuru ya kumwagika ingekuwa haba. Kosa la pili lilikuwa wingi wa maneno. Maneno saba yanahitaji herufi ndogo ili yaenee, na herufi ndogo hufa mapema.

Kuhusu rangi

Wanafunzi wengi wameambiwa kwamba mwanga wa manjano hupenya ukungu kuliko mweupe. Nchini Ufaransa taa za mbele za magari zilitakiwa kisheria ziwe za manjano kwa zaidi ya miaka 50, hadi mwaka 1993. Yafaa tuitazame dhana hiyo kwa makini. Rangi hutawanywa kwa viwango mbalimbali pale tu chembe zinapokuwa ndogo kuliko wimbi la mwanga. Ndiyo maana anga ni la buluu na jua la magharibi ni jekundu, kwani molekuli za hewa ni ndogo mno. Kitone cha ukungu, kinyume chake, ni kikubwa kuliko wimbi la mwanga mara kumi au zaidi, kwa hiyo huzitawanya rangi zote karibu sawasawa. Katika moshi mwembamba wenye chembe ndogo, rangi nyekundu hupata nafuu. Katika ukungu haipati nafuu ya maana. Rangi itusaidie kumwambia dereva maana ya kibao. Tusiitazamie ipenye mahali ambapo nyeupe imeshindwa.

Watu 118

Msomaji huenda akasema kwamba gurudumu moja mtaroni si msiba. Basi na tutazame msiba. Tarehe 8 Oktoba 2001, saa mbili na dakika kumi asubuhi, ukungu mzito ulikuwa umetanda katika kiwanja cha ndege cha Linate, mjini Milan nchini Italia. Ndege ndogo aina ya Cessna iliagizwa ipite njia iitwayo R5, iliyozunguka upande wa kaskazini. Marubani wake walishika R6, njia iliyokata katikati ya njia kuu ya kurukia. Ndege kubwa ya shirika la SAS ilikuwa inakimbia iruke. Ziligongana. Watu wote 110 waliokuwa katika ndege kubwa walikufa, wote wanne wa ndege ndogo walikufa, na wafanyakazi wanne waliokuwa kwenye jengo la mizigo walikufa. Jumla yao ni watu 118.

Makosa yaligunduliwa kuwa mengi. Rada ya kutazamia mienendo ya ardhini haikuwa ikifanya kazi. Marubani wa ndege ndogo hawakuwa na idhini ya kuruka katika hali kama ile. Lakini miongoni mwa sababu zilizotajwa na wachunguzi ni hali ya alama: nyingine hazikuwapo, nyingine zilikuwa zimechakaa na ni vigumu kuzitambua ndani ya ukungu. Rubani alitaja kwa redio alama iliyoandikwa S4, naye muongozaji katika mnara hakuijua, kwa maana haikuwamo katika ramani yake. Kanuni za kimataifa zinataka vibao vya viwanjani viwashwe taa pale umbali wa kuona kwenye njia ya kurukia unapokuwa chini ya mita 800. Kanuni ilikuwapo katika kitabu. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama pale katika ukungu, akajiuliza kama mgeni ataweza kuifuata.

Huo ulikuwa uwanja wa ndege wa nchi tajiri. Kwa hiyo tusijifariji kwa kusema kwamba mambo haya ni ya umaskini. Ni ya kutopima.

Mfano mwema upo pia. Tarehe 11 Desemba 1990, karibu na mji wa Calhoun, jimbo la Tennessee nchini Marekani, magari 99 yaligongana katika ukungu na watu 12 wakafa. Baada ya msiba huo mamlaka za huko ziliweka vipimo vya ukungu kando ya barabara, na miaka michache baadaye mtambo wao ulianza kazi. Vipimo vikionyesha kwamba umbali wa kuona umepungua, vibao vya taa hubadilisha maandishi na kiwango cha mwendo hushushwa. Jambo la kujifunza ni kwamba dereva huanza kuonywa kabla hajaingia katika ukungu, angali anaweza kusoma. Kibao chetu kilikuwa kimewekwa pale pale ukungu unapolala.

Pingamizi la gharama

Najua nitaambiwa kwamba vipimo vya namna hiyo ni ghali, na kwamba ukungu ni wa Mufindi, Njombe, Makete na Lushoto, si wa nchi nzima. Kuhusu pingamizi la pili, kanuni ni ileile kwa mvua kubwa, kwa vumbi na kwa moshi. Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Kijapani T. Jin aliwapima watu waliotazama vibao kupitia moshi, akaona kwamba kibao chenye taa yake huonekana kwa umbali wa mara mbili hadi tatu kuliko kibao kinachotegemea kuakisi mwanga. Shule yenye bweni na iusome ukweli huu inapofikiria kibao kilicho juu ya mlango wa kutokea.

Kuhusu gharama, nasema hivi. Kibao chenye taa kina faida ya kweli, nami sikusudii kukipinga. Mwanga wa kibao cha kuakisi hupita katika ukungu mara mbili, kwenda na kurudi, ambapo mwanga wa kibao cha taa hupita mara moja. Katika ule ukungu wetu wa mita 100, hiyo ni tofauti ya mara 20. Lakini umeme hukatika. Kibao cha taa kisicho na karatasi ya kuakisi juu ya herufi zake huwa ubao mweusi umeme unapokatika. Hivyo tuvitake vyote viwili katika kibao kimoja. Herufi chache, nene na zenye nafasi kati yake hazigharimu zaidi ya herufi nyingi nyembamba. Bao jeusi haligharimu zaidi ya jeupe. Kifaa cha kupunguza nuru usiku hupunguza hata malipo ya umeme. Na kupima hakugharimu ila usingizi wa kamati.

Yafaa basi iwe desturi kwamba kibao chochote cha onyo kisipokewe mpaka kimesomwa mara tatu: mchana wa jua, usiku mkavu, na alfajiri ya ukungu au usiku wa mvua. Vigingi visimamishwe mita 25, 50, 75 na 100 kutoka kwenye kibao. Msomaji awe mtu asiyejua kilichoandikwa, na umbali alioanza kusoma uandikwe katika hati ya mapokezi. Ulinganishwe na umbali wa kusimama. Gari linalokwenda kilometa 80 kwa saa katika barabara yenye maji, dereva akichukua nukta mbili kutambua na kukanyaga breki, huhitaji kiasi cha mita 106 hadi lisimame. Kwa kilometa 50 huhitaji kiasi cha mita 52. Kibao kinachosomeka kwa mita 30 hakimwonyi mtu anayekwenda kwa mwendo huo.

Kazi ya darasani

Walimu wanaweza kuyaonyesha haya bila maabara kubwa. Tieni tochi ndani ya boksi la kadibodi. Upande mmoja wa boksi funikeni kwa kadi nyeusi iliyokatwa herufi, ili herufi ndizo ziwake. Upande wa pili funikeni kwa karatasi nyeupe nyembamba iliyoandikwa herufi zizo hizo kwa wino mweusi. Mbele ya boksi wekeni chombo cha kioo chenye maji safi, zimeni taa, kisha tieni maziwa tone moja moja na kukoroga. Hesabuni matone hadi herufi za kila upande zitakaposhindwa kusomeka. Halafu tieni tochi ya pili na kuhesabu tena, muone imewanunulia matone mangapi. Mwanafunzi mwangalifu ataona pia kwamba nuru ipitayo katika maziwa hafifu inaelekea wekundu. Aulizwe kwa nini, na kwa nini ukungu hauwi hivyo. Jibu limo katika ukubwa wa chembe.

Shule zilizo katika nyanda za juu zina maabara kubwa zaidi mlangoni mwao. Miezi ya baridi ikifika, wanafunzi wakiongozwa na mwalimu, wakiwa kando kabisa ya barabara, wanaweza kupima kibao cha shule au cha zahanati kwa vigingi na daftari, na kuipelekea halmashauri matokeo yao.

Mimi nilikwisha kuandika barua kuhusu kibao kile cha mteremkoni. Nilijibiwa kwamba kilipimwa na kupokewa na kamati ya wataalamu, na nakala ya hati iliambatishwa. Sahihi yangu ni ya tatu kutoka juu. Nimeomba kikao kingine cha kukikagua, na nimependekeza kianze saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Julai.